Maharagwe Ndani ya Chupa: Hesabu ya Presha katika Mwinuko wa Eldoret

Maji ya Eldoret hutokota mapema. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu, takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Ndiyo maana birika likiinjikwa huko huanza kutoa mapovu kwenye nyuzi 93 za Selsiasi hivi, ilhali Mombasa lingesubiri hadi 100. Mgeni hulifurahia jambo hilo mpaka siku atakapopika maharagwe. Maji yakishatokota hayapandi joto tena, hata moto uchochewe namna gani. Punje inayotaka joto kali ili ilainike hukaa jikoni saa nyingi, na gesi inaisha.

Wenyeji wana dawa zao. Maharagwe hulowekwa usiku kucha. Wengine hutia chembe za magadi. Tena nyumba nyingi za mjini, kuanzia Langas hadi Elgon View, zina sufuria ya presha: ile ya alumini kutoka India inayopiga filimbi, ile ya Kichina yenye mfuniko wa kukaza kwa mkono, au ya umeme ambayo Kenya Power imekuwa ikiipigia debe kupitia mpango wake wa Pika na Power. Kazi yake ni moja. Hufungia mvuke ndani, mvuke unasukuma maji, na maji yanalazimika kupanda moto kupita kiwango ambacho mwinuko umeyaruhusu.

Kutoka hapo hadi swali linalofuata ni hatua fupi. Ikiwa chombo hiki kinaivisha maharagwe haraka hivyo, kwa nini kisiivishe chakula cha wiki nzima ndani ya chupa zilizofungwa, kikatoka kimeiva na kimehifadhiwa, kikapangwa kabatini bila friji? Huko Marekani familia nyingi zimefanya hivyo kwa zaidi ya karne moja: kuku, nyama ya ng'ombe, supu na maharagwe katika chupa za kioo. Kwa Eldoret wazo hilo lina mvuto wa pekee. Watu wengi huchemsha maharagwe au githeri kwa wingi Jumamosi, wakagawa kwenye mikebe na kugandisha. Mpango huo unategemea stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipozimika karibu Kenya nzima na maeneo mengine yakakaa gizani hadi siku ya pili, wenye friji zilizojaa nyama walipata somo ambalo hawakuliomba.

Jibu la swali hilo ni ndiyo, lakini ndiyo yenye masharti mazito, na mengi ya masharti hayo yanatokana na mwinuko uleule unaochelewesha maharagwe.

Historia ya jambo hili ina ncha mbili ambazo zilichukua muda kukutana. Mwaka 1679, Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha chungu cha chuma chenye mfuniko wa kubana kilichoweza kulainisha mifupa kwa mvuke, akakiwekea vali ya usalama ili kisimlipukie. Zaidi ya karne moja baadaye, Mfaransa mwingine, Nicolas Appert, alitia vyakula kwenye chupa za kioo, akaziziba na kuzichemsha ndani ya maji. Serikali yake ikamlipa faranga 12,000, naye mwaka 1810 akachapisha siri yake. Appert hakujua kwa nini mbinu yake ilifanya kazi, maana Louis Pasteur hakuwa amezaliwa. Mbinu hiyo ilifaulu mara nyingi, na mara nyingine ilishindwa vibaya sana. Mwaka 1917 ndipo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipotamka kwamba nyama na mboga zisizo na uchachu zihifadhiwe kwa presha pekee, kamwe si kwa kuchemshwa tu.

Kenya nayo imekuwa na viwanda vya makopo tangu enzi za ukoloni. Tume ya Nyama ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1950 ilijenga jina kwa nyama ya kopo kutoka Athi River, na mananasi ya Thika yamekuwa yakisafiri ndani ya makopo hadi Ulaya kwa miongo mingi. Lakini makopo yalibaki kazi ya kiwanda. Hayakuingia jikoni, na sababu haiko mbali: katika nchi ambayo sukumawiki huchumwa mwaka mzima, hakuna baridi kali inayomlazimisha mtu kufungia msimu mmoja ndani ya chupa ili aule katika msimu mwingine. Wenye msimu wa njaa walikuwa na mbinu zao, na tutazirudia.

Adui wa kazi hii ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Anaishi udongoni, kwa hiyo anaweza kuwa kwenye kiazi chochote, jani lolote la managu na punje yoyote ya maharagwe iliyoanikwa chini. Penye hewa hazaani wala hatoi sumu. Hali ikiwa mbaya kwake hujifunga katika umbo gumu, spora, ambalo maji ya kuchemka hayaliui. Kisha mtu humtafutia makao anayoyapenda kuliko yote: mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo uchachu, katika joto la kawaida la nyumba. Maelezo hayo ni maelezo ya chupa iliyofungwa. Spora huamka, bakteria huzaana, na hutoa sumu inayolegeza misuli: kope huanguka, macho huona vitu viwili viwili, ulimi hunata, kumeza kunakuwa taabu, na mwishowe kifua hushindwa kuvuta pumzi. Ugonjwa huo, botulizimu, mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya mlo. Chakula chenye sumu hiyo huweza kukosa harufu mbaya na kisibadilike rangi.

Afrika Mashariki haina orodha ndefu ya visa vilivyothibitishwa, lakini vilivyopo vinafundisha. Mwaka 1980 British Medical Journal ilichapisha taarifa ya mlipuko wa botulizimu nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Msomaji wa Magharibi mwa Kenya anaweza kushangaa, kwa sababu kumbikumbi ni chakula cha siku zote. Lakini mdudu mbichi akifungiwa mahali pasipopenya hewa kwa siku kadhaa, hali inakuwa ileile ya chupa. Mwezi Oktoba 2008 huko Uganda wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa wakiwa wamelegea viungo, na wawili kati yao wakafariki. Uchunguzi ulithibitisha botulizimu, kisa cha kwanza kuripotiwa nchini humo. Chanzo hakikupatikana kwa uhakika, ila mahojiano yalielekeza shaka kwenye kiungo cha mafuta kilichotayarishwa nyumbani. Mzazi yeyote aliyewahi kumfungashia mwanawe kichupa cha pilipili ya mafuta siku ya kufungua shule anajua ni kitu cha aina gani kinachozungumzwa.

Sasa hesabu yenyewe. Ili kuua spora hizo kwa kiwango ambacho viwanda hukikubali, chakula chote, hata kile cha katikati kabisa ya chupa, kinapaswa kukaa katika nyuzi 121 kwa takriban dakika 3. Joto likishuka nyuzi 10, muda unaohitajika huongezeka mara kumi. Kwenye nyuzi 111 ni nusu saa. Kwenye 100, ambako maji ya Mombasa hutokota, ni saa tano na zaidi. Na kwenye nyuzi 93 za Eldoret, kwa hesabu hiyohiyo, ni zaidi ya siku nzima, mchana na usiku, bila kupungua. Anayechemsha chupa za nyama kwa saa tatu ndani ya sufuria ya kawaida pale mtaani Huruma hajahifadhi kitu. Amewaua washindani wa spora, akaiachia nyumba.

Presha ndiyo njia pekee ya nyumbani ya kuvuka kizuizi hicho, lakini nayo haisomwi sawa kila mahali. Kizito cha paundi 10 kwa inchi ya mraba, au geji inayoonyesha 10, hueleza tu ni kiasi gani mvuke wa ndani umezidi hewa ya nje. Kule pwani hewa ya nje ni nzito, kwa hiyo paundi 10 hutoa nyuzi 115 na ushei. Eldoret hewa ya nje imepungua kwa zaidi ya moja ya tano, na paundi zilezile 10 hutoa nyuzi 111 tu. Tofauti ya nyuzi nne na nusu inaonekana ndogo hadi ipitishwe kwenye kanuni ya mara kumi: nguvu ya kuua spora inabaki zaidi kidogo ya theluthi moja. Kijitabu kilichoandikwa kwa wakaaji wa bondeni kinaweza kufuatwa neno kwa neno Eldoret na bado kikatoa chupa zenye hatari.

Kwa sababu hiyo majedwali ya Marekani, yanayopima mwinuko kwa futi, huongeza presha kadiri ardhi inavyopanda. Eldoret iko karibu futi 6,900. Chombo chenye geji ya mshale kinapaswa kusoma paundi 14 huko. Chenye kizito kitumie kile cha 15, kwa kuwa vizito huja vya 5, 10 na 15 tu. Iten, mita 2,400, bado imo kwenye safu hiyo ya paundi 14, ingawa kwa tundu la sindano. Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700, imeshavuka futi 8,000 ambapo safu za mshale za majedwali mengi huishia. Mkaaji wa huko hana safu ya mshale ya kumwongoza kwenye majedwali hayo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ashuke na chupa zake Eldoret au aziache kabisa.

Je, sufuria ya presha ya kawaida inatosha? Nyingi za India hufikia karibu paundi 15, kwa hiyo joto linapatikana. Kasoro iko kwingine. Majedwali yalipimwa kwa majungu makubwa yanayochukua angalau chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama, majungu yanayochelewa kupata moto na kuchelewa kupoa. Muda huo wa kupanda na kushuka ni sehemu ya uuaji. Sufuria ya lita tano hupanda upesi na kupoa upesi, na dakika hizo zilizopotea hazimo kwenye hesabu yoyote. Za umeme zina tatizo la ziada: nyingi hufanya kazi kwa presha ya chini kuliko paundi 15, na mwinuko unazipunguzia tena. Kitufe kilichoandikwa kwamba kinasindika chupa hakibadilishi sheria za mvuke. Zipike maharagwe, kazi ambayo zinaifanya vizuri mno, na ziishie hapo.

Linalohitajika ni jungu la kusindikia, na kwa kuwa majungu mapya ya aina hiyo ni ghali na huagizwa kutoka nje, mengi yatakayomfikia mtu wa Eldoret yatakuwa yamekwisha tumika: yamekuja na mizigo ya jamaa aliyerudi kutoka Marekani, au yameachwa na familia iliyohama. Majina mawili hujitokeza zaidi, yote ya jimbo la Wisconsin. Kuna Presto, ambayo kampuni yake ilianzishwa mwaka 1905 mjini Eau Claire, na All American, linalosubuliwa kwa alumini nzito huko Manitowoc tangu miaka ya 1930. Umri peke yake si kasoro. Majungu yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 yana kuta nene, mfuniko wa kukaza kwa skrubu za masikio au wa kuzungusha, geji ya mshale na koki ya kutolea mvuke. Likitunzwa, jungu la namna hiyo huweza kumzika mwenyewe. Lisipotunzwa pia huweza, kwa njia nyingine.

Ukaguzi uanze na chuma. Alumini iliyohifadhiwa na maji ndani hutoboka vishimo vidogo. Vikiwa vya juujuu havidhuru, vikizama ukutani jungu limekwisha. Weusi wa ndani hauna neno, hutokana na madini ya maji, na siki kidogo kwenye maji ya kazi huuzuia. Sharti chini pawe tambarare. Jungu lililowahi kuachwa likauke motoni hupinda, na lililopinda halishiki mvuke sawasawa, hata fundi alinyooshe kwa nyundo.

Kisha mpira. Presto na wenzake hutegemea pete ya mpira iliyo ndani ya mfuniko, na pete hiyo ndiyo ya kwanza kuzeeka: hukauka, hupasuka, hunyauka, au hunata kama lami. Hakuna kuokoa pete ya aina hiyo kwa gundi wala kwa kukata tyubu ya gari. Pete za majungu ya zamani bado zinatengenezwa na huagizwa kwa namba ya modeli iliyochongwa chini au ubavuni mwa jungu, kwa hiyo namba isomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Jungu lisilo na namba inayosomeka lisinunuliwe. All American halina pete kabisa. Chuma hukutana na chuma, hupakwa mafuta kidogo ukingoni, na skrubu zake hukazwa mbili mbili zinazotazamana, ili mfuniko usilale upande. Kwa mahali ambapo vipuri huchukua wiki kadhaa kufika, tofauti hiyo inatosha kumfanya mnunuzi aongeze fedha.

Bomba la mvuke lichunguzwe kila mara kwa kuliinua kwenye mwanga: tundu lionekane safi mwisho hadi mwisho, na lisipoonekana lipitishwe waya mwembamba. Ganda moja la maharagwe linatosha kuliziba. Kando yake kuna kizibo cha usalama, cha mpira au cha madini laini, kilichowekwa kiruke au kiyeyuke presha na joto vikizidi. Kizibo kigumu kama jiwe kibadilishwe pamoja na pete. Hapa ndipo karakana za jua kali, ambazo ustadi wake katika kufufua vitu hauna mpinzani, zinapogeuka hatari. Fundi anayeona tundu linalovuja hulitia bolti au kulichomelea, na kwa kufanya hivyo ameondoa kitu pekee kilichosimama kati ya mpishi na mlipuko. Jungu lenye alama ya kuchomelewa mfunikoni lipelekwe kwa wauza vyuma chakavu.

Geji ya mshale ndiyo mtihani mgumu. Marekani maofisa wa ugani wa kilimo huipima kila mwaka bila malipo au kwa ada ndogo, na ikikosea kwa zaidi ya paundi 2 hutupwa. Eldoret, mshale unaosoma 14 wakati ukweli ni 12 huleta nyuzi 113 na nusu badala ya 116, na nguvu ya kuua spora inashuka hadi karibu nusu. Mtu hataona dalili yoyote. Jungu litavuma vilevile, chupa zitaziba vilevile. Bahati nzuri kuna njia ya kuukwepa mshale. Kizito cha paundi 15 hakichoki wala hakihitaji kupimwa, maana ni uzito tu: presha ikifika hapo kinainuka na kucheza, isipofika kinalala. Bomba la Presto nyingi hupokea kizito cha vipande vinavyofikisha 15. Kizito kikianza kucheza, mshale unapaswa kusoma 15. Ukisoma 12 au 18, mwenye jungu amejua tabia ya mshale wake bila kumlipa mtu.

Kazi yenyewe ina taratibu chache zisizosamehe. Chupa hujazwa kwa kuachwa nafasi ya sentimita 2.5 juu. Maji ya chini huwa ya vidole vitatu vinne. Mfuniko ukishakazwa, mvuke huachwa utoke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kizito kuwekwa, kwa sababu hewa iliyobaki ndani huisukuma geji lakini haileti joto la mvuke. Saa huanza kuhesabiwa presha inapotimia. Ikishuka chini ya kiwango hata mara moja, hesabu hurudi mwanzo. Ni hapo jiko la makaa linapojiondoa lenyewe: hakuna awezaye kulishikilia presha moja kwa dakika 90 bila kupepea na kuchochea. Gesi ndiyo yenye utulivu, na mtungi wa kilo 6 uliokaribia kuisha usianze safari hiyo. Mwishoni moto huzimwa na jungu huachwa lipoe lenyewe, dakika 45 au zaidi kwa yale mazito yenye chupa za lita moja. Kulimwagia maji baridi, kama wengi wafanyavyo kwa sufuria ya kawaida, hupasua kioo na kunyonya mchuzi nje ya chupa.

Vyakula gani vinafaa? Maharagwe makavu yaliyolowekwa na kuchemshwa nusu saa hutaka dakika 75 kwa chupa ya nusu lita na 90 kwa ya lita. Vipande vya nyama ya ng'ombe au mbuzi ni vivyo hivyo. Mboga za majani hukaa dakika 70 na 90, na hutoka zikiwa laini kupita kiasi. Anayeipenda managu yake bado na uhai asijisumbue. Viazi vya Kapcherop, vikikatwa vipande, ni dakika 35 na 40. Ila jedwali halisemi lolote kuhusu ugali, na wala halitasema. Kitu chochote kizito, kilichopondwa au chenye wanga mwingi hupitisha joto polepole mno hadi katikati ya chupa, na hakuna muda uliothibitishwa. Mukimo, wali, uji, rojo la unga, maziwa na samli zote zimo kwenye orodha ya marufuku.

Na githeri? Mahindi yanayotajwa na majedwali ni mahindi matamu ya Kimarekani, mabichi na yenye maji. Mahindi ya Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, ni ya wanga mgumu, H614 na jamaa zake walioboreshwa Kitale, na yakikauka hutoa uji mzito ndani ya mchuzi. Muda wake haujapimwa. Kwa hiyo chakula ambacho mtu wa Eldoret angetamani zaidi kukiona chupani ndicho kisichofaa kuingia humo. Ufumbuzi ni kusindika maharagwe peke yake, ambayo ndiyo hula gesi, na kuyachanganya na mahindi siku ya kula.

Nyanya na matunda ni mlango mwingine. Kitu kichachu cha kutosha, chini ya pH 4.6, hakimruhusu bakteria huyo kuamka, na hicho huweza kuhifadhiwa kwa maji ya kuchemka, mradi muda uongezwe kwa ajili ya mwinuko. Nyanya ziko mpakani, hivyo hutiwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya chupa kwa kila lita. Ukichunguza utaona kwamba watu wa eneo hili walikuwa wameshaufungua mlango huo zamani. Mursik, maziwa ambayo Wakalenjin huyagandisha ndani ya kibuyu cha sotet kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, hulindwa na uchachu. Achari ya maembe ya Mombasa hulindwa na uchachu na chumvi. Nyirinyiri ya Waborana na Wasomali hukaushwa hadi spora ikose maji. Hakuna mojawapo inayohitaji geji, na gharama yake ni ndogo. Anayetaka tu mboga zisiharibike wakati wa kiangazi angefanya vyema kuzianika kivulini kuliko kuagiza jungu kutoka Wisconsin.

Pamoja na hayo, jungu lina nafasi yake. Mkupuo mmoja wa chupa saba za lita huchukua karibu saa tatu kutoka kuwasha hadi kupoa, kwa hiyo haliokoi gesi kwa mtu anayepika maharagwe ya siku moja. Linaokoa pale ng'ombe mzima amechinjwa na nyama haiishi, pale kuku wa kienyeji ishirini wameuzwa nusu na malisho yamepanda bei, au pale stima haiaminiki. Mahitaji hayo huja mara chache kwa familia moja, lakini huja mara nyingi kwa chama cha akina mama kumi na tano. Chama kinaweza kununua jungu moja zuri, kuweka akiba ya pete na vizibo, na kumkabidhi mtu mmoja daftari la kuandika tarehe, presha na muda wa kila mkupuo. Tatizo sugu ni mifuniko: ile bapa yenye utando wa kuzibia hutumika mara moja tu, na vifuniko vya chupa za jemu au siagi ya karanga havikupimwa kwa kazi hii. Anayewaza kuuza chupa hizo sokoni ajue kwamba huko anaingia kwenye mamlaka ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na sheria za chakula, na jungu la nyumbani halitamvusha.

Chupa iliyokwisha sindikwa na kukaa kabatini ikifunguliwa, chakula chake kichemshwe tena kabla ya kuonjwa. Sumu, tofauti na spora, huvunjwa na maji ya kuchemka: dakika 10 usawa wa bahari na dakika moja zaidi kwa kila futi 1,000. Kwa Eldoret ni dakika 17. Chupa iliyovimba, inayovuja au inayofoka ikifunguliwa haichemshwi wala haionjwi. Hufukiwa shimoni, mbali na mbwa na kuku.

Turudi kwenye upimaji wa geji: Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret na hospitali ya rufaa ya mji huo hutumia otoklevu, mashine ya jamii hiyohiyo ambayo Charles Chamberland aliibuni mwaka 1879, na mafundi wao wanajua kupima presha na joto katika mwinuko huu kuliko kijitabu chochote kilichoandikwa ughaibuni. Kaunti ina maofisa wa kilimo, na kila mwaka mji huandaa maonyesho ya kilimo yanayovuta wakulima wa kaunti zote za jirani. Meza moja kwenye maonyesho hayo, yenye geji ya kulinganishia, kipimajoto na mtaalamu mmoja kutoka maabara, ingetosha kuwapimia wenye majungu vifaa vyao bila gharama ya maana. Kaunti ya Uasin Gishu iiweke meza hiyo, na mwenye jungu ambaye geji yake haijawahi kupimwa asisindike nyama hadi apate kizito cha paundi 15.